Vidonge vya Rangi Moja

Bi Pindo ameshona sare za wauguzi kwa miaka thelathini, na jina hilo alipewa kwa sababu pindo lake halifumuki hata nguo ikichakaa. Vifungo huviweka makoponi kwa rangi. Macho yakichoka, mkono unajua.

Magoti yalipoanza kulalamika, kila aliyempenda alimletea tiba yake. Binti yake alileta vidonge vya mafuta ya samaki, jirani akaleta vya kitunguu saumu, na wifi yake akaleta vya binzari. Bi Pindo hakuwa mtu wa kumrudishia mtu mapenzi yake mlangoni. Alipokea vyote, na kila mmoja akaamini kuwa ni chake kinachomsimamisha. Chupa zilipoijaza meza ya cherehani, akamimina vidonge kwenye kopo moja, njano na njano, akatupa chupa. Kila asubuhi alichota vinne bila kuangalia.

Alikuwa na ngiri pia, na zamu ya upasuaji alikuwa ameingoja miezi minane. Wiki moja kabla, sindano ilimchoma kidole. Aliufyonza mchomo kama siku zote, akaendelea. Kola sita nyeupe ziliharibika kabla hajakubali kwamba damu haikatiki.

Kesho yake alikwenda hospitali kupimwa kabla ya upasuaji. Muuguzi aliona kitambaa kidoleni.

"Mama, umefanyaje?"

"Sindano tu, mwanangu. Jana."

"Jana, na bado kinavuja? Unatumia dawa gani?"

"Dawa? Situmii. Virutubisho tu."

"Nani kakwambia tumbo linajua tofauti?"

Bi Pindo akatoa kopo mkobani. Muuguzi alichungulia, akamwaga vichache kiganjani, akavigeuza.

"Kipi ni kipi?"

Bi Pindo aliviinamia: vyote njano.

"Kimoja kimoja pengine kisingekuwa na neno," muuguzi alisema. "Lakini hivi vikishikana mkono, damu inasahau kuganda. Tungekupasua Jumanne, tungebaki tunapangusa." Akaenda kumwita daktari. Upasuaji ukasogezwa wiki mbili, vidonge vyote visimame, na arudi na orodha: jina la kila kimoja na kiasi chake. Bila orodha, hapandi kitandani.

Wiki mbili zaidi za kungoja alizimeza. Kilichomkwama ni orodha, maana chupa alishazitupa, na kuuliza ni kukiri.

Kwa binti ilikuwa rahisi, kwa jirani palikuwa na mguno. Wifi alimwacha asimame kizingitini.

"Ala! Kumbe changu kilihitaji wasaidizi?"

"Wifi, nichambe baadaye. Nitajie jina lake, na ni miligramu ngapi."

"Na goti lilipopona, ulinishukuru mimi peke yangu."

"Nilimshukuru kila mtu peke yake."

Wifi alicheka bila kutaka, akaingia ndani. Alikawia. Aliporudi, chupa ya binzari ilikuwa mkono mmoja, na kwapani amebana nyingine tano, zake mwenyewe.

"Andika na hizi," alisema. "Ukirudi huko, waulize."

Bi Pindo akageuza karatasi, akaanza upande wa pili.