Fulana Siku ya Posa

Siku hizi wajukuu zangu wanavaa fulana hadi harusini, na picha wanapiga. Enzi yetu, enzi ya Mwingereza, fulana ilikuwa nguo ya ndani. Mwanamume kumpokea baba mkwe na fulana tupu ilikuwa sawasawa na kumpokea na chupi. Msinicheke, ndivyo ilivyokuwa.

Mchumba wangu alikuwa akikata mkonge huko Soga. Mshenga wake alikwishaleta posa kwetu Msimbu, baba akasema sawa, ila kijana mwenyewe aje amwone. Nilimpenda yule mtu. Nilimpenda mpaka chakula kilikuwa hakipiti.

Akaja siku ya Ijumaa, mvua ya vuli imemlowesha chapachapa. Baba na mshenga walikuwa msikitini. Aliyempokea ni shangazi yangu, aliyenilea tangu mama alipofariki. Huyo shangazi alikuwa na mtu wake wa kuniozesha, shemeji yake wa Mlandizi, mzee aliyefiwa na mke. Akamwambia mgeni, kwa upole wa kinafiki, avue shati likaushwe jikoni, maana baba bado yuko mbali. Muongo mkubwa! Kanzu ya baba tulikuwa tumeshaiona ikija kule kwenye mihogo. Nikapewa shati nilikaushe motoni.

Baba akaingia na mshenga na wazee wawili. Mchumba akainuka, akainama, akatoa shikamoo huku amenyoosha mikono yote miwili. Kwapani fulana ilikuwa imechanika, tundu la kupitisha ngumi. Baba hakuitikia. Akawauliza wenzake huyu kaja kuoa au kaja kuchimba choo. Wazee wakaangua kicheko. Shangazi anachambua mchele kama hayupo.

Mchumba akageukia mlango wa jikoni, nilikosimama na shati lake mkononi.

"Waambie," akasema.

Neno moja lingetosha, kwamba shangazi ndiye aliyemvua shati. Baba alikuwa mkali lakini si dhalimu, angesikia. Mimi nikalitazama lile tundu na nywele za kwapa zilizochungulia, nikaona aibu. Si aibu ya shangazi, aibu yake yeye. Nikacheka. Hakuna aliyenituma, wala sikuogopa mtu. Nilicheka pamoja na wazee mpaka machozi yakanitoka.

Akalichukua shati mkononi mwangu taratibu, hakulivaa, akatoka. Mwezi uliofuata nikaozwa Mlandizi. Huyu wa Soga sijui aliishia wapi, na sijawahi kuwa na uso wa kumuuliza mtu.