Nasriya na Wagonjwa wa Meno

Nasriya, mtoto wa ami yangu, alipomwambia baba yake kwamba anataka kusomea saikolojia, Ami Mahfoudh alidhani hakusikia vizuri. Akamwomba arudie. Aliporudia, mzee akaweka chini kikombe cha kahawa, akamuuliza kwa upole kwa nini asisomee meno.

"Meno kila mtu anayo," alimwambia. "Wazimu, Mungu atuepushe nao."

Wakati ule Nasriya alikuwa na miaka kumi na minane, na sababu yake alikuwa nayo, ingawa hakuitaja mbele ya baba. Miaka mitatu nyuma, dada yake mkubwa, Sayyida, alijifungua mtoto wa kiume, wakamwita Sami. Siku zikapita, mtoto akinenepa na mama akikonda. Sayyida hali, halali, analia kwa jambo asiloweza kulieleza. Asubuhi moja akamwambia mama yake amchukue Sami, kwa sababu anaogopa kubaki naye peke yake.

Nyumba nzima iliingia hofu. Wako waliosema ni jicho, wako waliosema kuna kitu kimempitia. Aliletwa mtu wa kumsomea, na kisomo kilimtuliza, lakini asubuhi machozi yalirudi pale pale. Kilichomuumiza Nasriya zaidi ni neno walilokubaliana watu wazima: mtu akiuliza Sayyida yuko wapi, aambiwe amekwenda Salala, kusini mwa Oman, na mumewe kubadilisha hewa. Sayyida alikuwa chumba cha juu, pazia zimefungwa, na wageni wakinywa kahawa chini yake.

Mwishowe mama yao alimpeleka hospitali kimyakimya. Daktari mwanamke akazungumza naye saa nzima, akampa dawa na siku ya kurudi. Nasriya alikuwa nje ya mlango, amempakata Sami. Baada ya miezi minne hivi, wakila chakula cha mchana, Sayyida alicheka kwa jambo dogo tu, na Nasriya anasema kicheko kile ndicho kilichomchagulia kazi. Nyumbani hakuna aliyelizungumza tena. Salala ikabaki Salala.

Ami alikubali kwa shingo upande. Watu wakimuuliza, alisema binti yake yuko Malaysia anasomea udaktari, na hapo hapo akageuza maneno kuwa ya mvua.

Aliporudi, Nasriya alifanya kazi hospitali ya serikali kwa miaka sita. Huko aligundua jambo. Wazee wetu waliotoka Unguja, ambao nyumbani husema Kiswahili, walikuwa wakija wakilalamika kifua. Wanapimwa moyo, moyo mzima. Wakiulizwa kwa Kiarabu hujibu maneno mawili, basi. Siku moja akamuuliza mmoja wao kwa Kiswahili, na yule bibi akafunguka kama bomba: moyo mzito, roho iko juu, usingizi umemhama tangu mwanawe ahame nyumba. Nasriya akajua wengi kama yule wapo, na hawana pa kwenda.

Basi akakodi vyumba viwili Ghubra, mtaa wa Maskati, ghorofa ya juu ya jengo ambalo chini yake ni kliniki ya meno ya Daktari Aws, Muiraki mstaarabu mwenye masharubu makubwa. Kibao chake Nasriya alikiandika kwa Kiarabu na Kiingereza, na chini akataka mstari wa Kiswahili. Aliniita nimsaidie. "Afya ya akili" tuliikataa, maana mtu wa kwetu akiona neno akili mlangoni humaliza mwenyewe kwamba humo wanatibiwa walioikosa. Tukaandika "Karibu tuzungumze." Mtu wa kwanza kuingia kwa sababu ya maneno yale alikuwa mzee aliyefikiri ni ofisi ya kutafutia watu wachumba. Alikunywa maji, akaeleza sifa za mke anayemtaka, akaondoka ameridhika.

Wengine walianza kuja pole pole, lakini kwa kujificha. Maskati watu hujuana kwa nambari za gari, na gari ikionekana mbele ya mlango fulani, kabla ya magharibi habari imeshafika Matrah, upande wa pili wa mji. Kwa hiyo walikuwa wakiegesha mbele ya duka la vyakula, wanazunguka nyuma, wanaingia kwa Daktari Aws, wanakaa kidogo kama watu wanaoumwa na jino, kisha wanapanda ngazi ya ndani. Baada ya miezi miwili Daktari Aws alipanda mwenyewe kuzungumza na Nasriya. Alisema ukumbi wake umejaa watu wenye meno mazuri kabisa. Hakukasirika. Aliomba tu wasichukue karatasi za nambari, kwa sababu mashine inamwita mgonjwa na mgonjwa yuko juu.

Nasriya alicheka mpaka akashika mbavu. Jioni alinipigia simu, na sauti yake haikuwa na kicheko tena. Alisema alifungua pale ili kuondoa aibu, na sasa anaona ameijengea aibu mlango wa nyuma. Nikamuuliza atafanya nini. Akasema atawaacha waje kwa mlango wanaouweza.

Mmoja wao alikuwa Bi Bakhita. Haya ninayoyaeleza ameniruhusu mwenyewe, na ameniambia nisimpunguzie chumvi. Ni shoga wa mama zetu, mwalimu mstaafu, mwanamke wa sauti kubwa na mikono isiyotulia. Mumewe alikuwa amefariki mwaka wa pili ule. Alikuja akisema anataka kupimwa presha.

"Mie sina wazimu, mwanangu," alimwambia Nasriya kabla hajakaa. "Nnakwambia mapema."

Nasriya hakumbishia. Alimuuliza asubuhi zake zinapitaje. Bi Bakhita akasema kwamba watoto wakishakwenda kazini, yeye huingia kwenye gari ya marehemu iliyosimama uani, akafunga milango, akakaa humo mpaka adhuhuri. Haendi popote. Kuendesha hajui. Hakuwahi kumwambia mtu.

Akarudi Jumanne iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Nyumbani alisema ana jino.

Mwezi wa pili mwaka huu alifanya arubaini ya kuzaliwa kwa mjukuu wake, na sote tukaalikwa. Rawan, mkwe wake, mke wa mwanawe, ndiye mzazi. Zilitandikwa busati mbili, kukawa na sambusa, mkate wa kumimina, halwa na kahawa, na wanawake wakisema Kiarabu na Kiswahili katika sentensi moja kama tulivyozoea. Katikati ya mazungumzo jirani mmoja, Bi Noof, akamgeukia mwenye nyumba.

"Bakhita, hebu nambie. Jino gani hilo lisilopona miezi miwili? Si uling'oa yote, ukaweka ya kubandika?"

Watu walicheka, na Bi Bakhita alicheka kuliko wote. Angeweza kuponyoka hapo kwa mzaha mwingine. Nilimwangalia Nasriya. Alikuwa ameinamia sahani yake kana kwamba hajawahi kuona sambusa, maana yeye hakuwa na ruhusa hata ya kukonyeza.

Bi Bakhita akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Kweli, meno sina," alisema. "Nnakwenda kwa Nasriya. Nnakwenda kuzungumza. Tangu Bwana afariki huzuni imenikaa nyumbani kama mgeni asiyeaga, na sasa ndiyo kwanza anafunga mizigo yake."

 Bi Noof akauliza, taratibu, kama huko wanapewa sindano. Bi Bakhita akamwambia hakuna sindano, kuna viti viwili na boksi la karatasi za kufutia machozi, na hilo la karatasi ni zuri.

Sayyida alikuwa amekaa karibu na Rawan. Tangu tufike nilimwona akimtazama yule mzazi, ambaye alimshika mtoto kama mtu anavyoshika chombo cha kuazima. Sasa akamwekea mkono kwenye goti. Hakupaza sauti, lakini hakuna asiyesikia.

"Nilipomzaa Sami sikwenda Salala," alisema. "Nilikuwa chumbani juu, namwogopa mwanangu mwenyewe. Nikatibiwa, nikapona. Leo ananipita urefu."

Mama yao alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Aliliweka chini, akaja akakaa nyuma ya Sayyida, akaanza kumnyosha mtandio wake mabegani ingawa ulikuwa umenyooka. Rawan akainamisha kichwa, akalia. Bi Bakhita akampokea mtoto. Mwanamke mmoja akaleta maji, na mwengine akasema kwamba na yeye, alipozaa wa tatu, ilikuwa hivyo hivyo na akafikiri ni yeye peke yake duniani. Halwa haijamalizika, wanne walikuwa wameshamwomba Nasriya nambari yake ya simu, wawili kati yao kwa sauti.

Jumapili Rawan alikwenda Ghubra na mkwewe, na gari waliiegesha mbele ya mlango.

Ami Mahfoudh alikuwa amepata habari jioni ile ile ya arubaini. Siku kadhaa hakuzungumza na binti yeyote. Ijumaa, baada ya sala, alikwenda kwa Sayyida, na Nasriya alikuwapo. Akakaa na kanzu yake nyeupe imepigwa pasi, akazungushazungusha fimbo.

"Nilikuwa nikiogopa watu," alisema.

"Watu gani, baba?" Sayyida alimuuliza. Hakuuliza kwa ukali, alitaka kujua.

Mzee akaanza kuwataja. Wa kwanza alikuwa ameshafariki. Wa pili alikuwa amerudi Unguja miaka kumi iliyopita. Wa tatu alikuwa baba yangu, ambaye alijua tangu siku ya mwanzo na alikuwa akimwombea Sayyida kila alfajiri. Hakupata wa nne. Akasema, "Nisamehe, mwanangu," na Sayyida akambusu kichwa. Kisha wote watatu wakala wali wa samaki, na Nasriya anasema baba yake alikula sahani mbili.

Sikudhani Ami atavuka hapo, lakini wiki chache baadaye alimpigia Nasriya simu kumuuliza jambo, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za gari mbovu. Ana rafiki yake, Bwana Humam, walistaafu pamoja kutoka wizara moja. Tangu Ramadhani hatoki, simu hapokei. Anatibiwaje mtu kama huyo?

Nasriya alimjibu kwamba hawezi kumtibu mtu ambaye hajaja, ila baba mwenyewe anaweza kwenda kukaa naye. Amuulize hali yake, kisha anyamaze asikilize.

"Kunyamaza mimi?" Ami aliuliza.

Alikwenda hata hivyo. Jioni akapita kwa Nasriya, akajitupa kwenye kiti kama mtu aliyebeba gunia.

"Nimenyamaza robo saa nzima," alisema.

"Na yeye?"

"Kwanza alisema kiyoyozi chake kibovu. Kisha akasema mengine."

Nasriya akasubiri. Mzee akatikisa kichwa. "Hayo ni yake," alisema, kisha akauliza kama mkate wa ufuta ulibaki, maana Jumatatu anarudi kule na hataki kwenda mikono mitupu.