Swichi Aliyoikataa Bwana Seif

Siku yangu ya kwanza kazini, karakana ya umeme Tanga mjini, nilimwamkia Fundi Mkuu shikamoo huku nimeegemea ubao wa nyaya. "Marahaba," akajibu. "Sasa ondoa mkono hapo, taratibu. Waya una moto mpaka testa ikwambie hauna." Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, najiona msomi. Nikauondoa mkono, na usomi nao.

Nikapelekwa Amani, kule milimani, ambako mvua ikinyesha tu mti unalalia laini. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikitoka kwangu Ngamiani siku mbili naanza kuota pweza wa nazi wa mke wangu. Mwenzangu alikuwa Hiza, fundi wa laini, Mbondei asiyeishiwa maneno. "Yakhe, wewe," aliniambia, "wangekusimikia nguzo sebuleni ungefanya kazi vizuri sana."

Baadaye nikapandishwa cheo, mkaguzi wa nyaya za majumbani upande wa Mwera. Jenereta zilikuwa zimeanza kuingia majumbani, na kanuni tuliyopewa ilikuwa fupi: nyumba yenye jenereta iwe na chenjiova, yaani swichi ya mkono mmoja. Juu umeme wa gridi, chini jenereta, katikati sifuri. Mkono hauwezi kuwa pawili kwa wakati mmoja, na faida yake ndiyo hiyo. Tena ikae nje, fundi aione bila kubisha hodi, na iweze kutiwa kufuli.

Bwana Seif, mwenye mashamba ya minazi, hakuitaka. Ukuta wake ulipakwa rangi juzi. Aliweka breka mbili ndani, moja ya gridi, moja ya jenereta. "Bwana Mkaguzi, nazima hii ndipo nawasha ile. Mimi mtoto?" Akaleta kahawa na halua. Basi la Tanga lilikuwa karibu kuondoka. Nikasaini.

Mwezi haukuisha, upepo ukakata waya karibu na kwake. Nikaongozana na Hiza. Tukazima kwenye transfoma, akapanda ngazi, nami chini nimeishika. "Unga upesi, ndugu yangu," nikamhimiza, "nyumbani wananisubiri."

Akagusisha testa kwenye waya. Ikawaka.

Ndipo nikaisikia, nyuma ya mikorosho, jenereta ya Bwana Seif ikinguruma. Breka ya gridi alisahau kuizima. Umeme wake ulikuwa unatoka nyumbani kwake na kurudi kwenye nguzo, kumfuata Hiza.

Hiza akashuka kipandio kimoja kimoja. "Bwana Mkaguzi," akasema, "saini yako inawaka."

Nikamwambia yote, hata halua. Hakucheka. Kesho yake tuliutoboa ukuta wa Bwana Seif, swichi ikakaa nje. Mwenye nyumba habari ya rangi hakuigusa. Alitushikia ngazi mwenyewe.

Sasa nimestaafu. Siendi popote, na hiyo ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote. Nimenunua jenereta ndogo. Mke wangu alitaka swichi ikae ndani, nyuma ya pazia, isimharibie baraza. Nikaifunga palepale barazani, juu ya vichwa vya wageni.

Siku ya kuiwasha nilimwita Hiza, mstaafu mwenzangu. Nikampokea na kikombe cha kahawa. Akakirudisha kwenye sinia, akatoa testa mfukoni.

"Kahawa baadaye," akasema. "Kwanza nikague."