Kifo cha Mpishi wa Waasi

Kitabu chenyewe nilikinunua Mwembe Tayari, kwa muuza vitabu vya mitumba aliyevitandaza juu ya gunia karibu na ofisi za mabasi ya bara. Nilikuwa nakwenda chuo cha ualimu na nilitaka kitu cha kunisahaulisha urefu wa safari. Kilikuwa cha Kiingereza, kinene, jalada limeng'oka. Nilipofika Nairobi nilikuwa nimesoma robo yake na sikumbuki kuiona njia.

Kwa asiyezoea riwaya za namna hii, nieleze kidogo. Ni hadithi ndefu ya nchi isiyokuwepo. Mwandishi ameibuni yote: mito, lugha, ibada, hata majina ya miezi. Katika nchi hiyo mfalme amezifungia chemchemi zote ndani ya ukuta wake, na milima huhama, kwa hivyo hakuna ramani ya kuaminika. Wachimba mifereji wanaasi. Usidhani ni mambo ya watoto. Nimekisoma mara sita, na kila mara nilikipenda kwa sababu ileile: waasi wake ni waoga. Wanatetemeka, wanagombana, wanaumwa na meno, na asubuhi wanaamka na kuendelea. Mimi pia ni mwoga. Kitabu kile kilinifanya niamini kwamba ipo siku nami nitaweza kusema hapana.

Mama hakujua Kiingereza. Aliishi Mji wa Kale, katika nyumba aliyozaliwa, akishona kofia za kazi ya mkono, zile za vitundu vidogo vinavyotaka macho na subira. Mimi nilikuwa nafundisha Ganjoni na kumtembelea kila Ijumaa. Alipoanza kuumwa nilihamia kwake.

Daktari alizungumza na kaka yangu mkubwa peke yake, nje ya chumba. Kaka aliporudi alinivuta kando.

"Mama asiambiwe," alisema. "Tutamwambia ni vidonda vya tumbo."

"Akiuliza?"

"Vidonda vya tumbo. Mama mdogo naye amekubali. Wewe utampa moyo, basi."

Kwetu hivyo ndivyo wengi tunavyofanya, na sitaki umwone kaka yangu kuwa mtu mbaya. Tunaamini mgonjwa huishi kwa matumaini, na anayempa habari mbaya ni kama amemnyang'anya tonge mkononi. Nilihisi si sawa. Nikakubali.

Nilianza kumsomea kitabu ili alasiri zipite. Niliangalia ukurasa wa Kiingereza na kusema kwa Kiswahili, polepole, huku yeye ameegemea mito na kofia yake mkononi. Siku ya kwanza alinicheka.

"Mlima unahama? Ngome ya Yesu iko pale tangu Wareno, haijasogea hata shubiri."

"Ni hadithi, Mama."

"Haya, soma. Na huyu mfalme hana mamake wa kumchapa?"

Siku ya nne yeye ndiye aliyeniita. "Ndoo usome. Wamefika wapi wale?"

Aliyemvutia hasa ni mpishi wa kambi ya waasi. Ni mwanamke wa makamo, hana upanga, hana cheo, na katika mikutano hakuna anayemuuliza neno. Lakini barua zote za uasi zinapita ndani ya mikate yake. Mama alimwita "mwenzangu". Alimtetea kama jirani aliyesingiziwa.

"Waasi gani hawa wanapanga vita na tumbo tupu?" alisema siku moja. "Lau si mwenzangu huyo wangekuwa wamesharudi kwa mama zao."

Alipenda pia kuweka alama mwenyewe. Tukimaliza alikata kipande cha uzi mweupe, akakilaza kati ya kurasa, akafunga kitabu kwa mikono miwili.

Sasa, mimi nilijua kinachokuja. Katikati ya kitabu mpishi anaugua. Hauawi vitani. Anaugua tu, katika hema, na kijana wa kike anayemsaidia jikoni anakaa karibu naye. Sura nzima ni mazungumzo yao. Anamwambia binti jinsi ya kuutunza moto mvua ikinyesha, nani kati ya waasi si wa kuaminiwa, na kwamba haogopi. Kisha anakufa. Nilipoisoma mara ya kwanza, ndani ya basi la kurudi nyumbani, nililia mbele ya abiria.

Siku sura hiyo ilipofika, Mama alikuwa ametapika mara mbili na uso wake umepungua. Nilifungua penye uzi. Nikashika kurasa za sura nzima kwa kidole gumba, nikazigeuza pamoja, nikaanza na sura iliyofuata, ya vita vya darajani. Nilisoma kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mwenzangu yuwapi?"

"Yupo jikoni."

"Watu wanapigana darajani, yeye hata maji hawapelekei?"

"Amekwenda kwa bintiye. Atarudi."

Kuanzia hapo nikawa na kazi mbili, kutafsiri na kutunga. Kila alasiri aliuliza na kila alasiri nilimpa mpishi shughuli: ametumwa kununua unga, anauguza majeruhi, amelala. Wiki ikapita. Ndipo siku moja akaiweka kofia chini.

"Mwanangu. Yule mwanamke amekufa, sivyo?"

"La, Mama! Hajafa."

Ukweli ulikuwa tayari mdomoni mwangu, na najua sasa kwamba uongo ule ndio niliopaswa kuukataa maishani mwangu, si mbele ya mfalme bali mbele ya kaka yangu, kwa upole, ndani ya chumba kidogo. Niliinamisha macho kwenye kitabu.

"Haya," akasema. "Soma."

Hakumuulizia tena mpishi. Hakuuliza tena chochote, hata dawa alizomeza. Tulimaliza kitabu, ukuta ukavunjwa na maji yakatoka, akasema ni hadithi nzuri, akanishukuru kama anavyoshukuriwa mgeni. Alifariki siku kumi na moja baadaye.

Siku ya tatu ya matanga, watu walipopungua, nilikuwa nakunja mikeka na jirani yetu wa ng'ambo ya kichochoro, rafiki wa Mama tangu chuoni kwa mwalimu wa Kurani.

"Mamako alijua," alisema bila kunitazama.

"Alijua nini, Bibi?"

"Yote. Ugonjwa wake, na yule mpishi wenu. Alisema, 'Kila siku uzi wangu husogea kidogo, leo umeruka.' Mtu aliyehesabu vitundu miaka hamsini utamficha kurasa?"

Nilikaa chini. "Mbona hakuniambia kwamba anajua?"

"Hakutaka kukuaibisha. Alisema alikuwa na maneno ya kukwambia, na angekwambia siku utakayomsomea kifo cha yule mwanamke. Alikuwa akingoja hapo."

"Maneno gani?"

"Hayo yalikuwa yako, mwanangu. Mimi hakunipa."

Ikiwa unamsomea mgonjwa, nakuomba usiruke. Huenda anasubiri ukurasa huohuo ndipo aanze kusema, na wewe ndiye uliyekishika kitabu. Silisemi hili kukutisha. Unaweza kufanya vizuri kuliko mimi, na si jambo gumu: soma mstari, pumua, soma unaofuata.

Siku moja, majonzi yangu yalipopoa kidogo, niliingia chumbani mwake alasiri, nikakaa nilipozoea kukaa, nikaisoma ile sura. Niliitafsiri yote, moto na mvua na kutoogopa, sikuacha neno. Mpishi alipokufa nilishusha kitabu mapajani, nikanyamaza, nikampa nafasi ya kusema.