Ng'ombe wa Ssenga walivyomnyamazisha Afande

Wakuu, heshima kwenu, hata ninyi mnaosoma hii chooni.

Wanaonijua humu wanajua nusu ya ninayoandika ni chai. Hii siyo. Ningekuwa na uwezo wa kuitunga, nisingefeli Literature.

Mimi nakaa Nsambya, Kampala, kota za polisi. Mzee wangu ni sajini. Nyumbani tunamwita Afande, na Kiswahili chake ni amri tupu.

Dada yake, Ssenga, yaani shangazi yangu, anaishi nje ya Kampala kwenye shamba la mahindi la marehemu babu.

Udongo ulipochoka, Ssenga aling'oa ua wote akaachia ng'ombe wake wa pembe ndefu watembee watakavyo. Hakuna mchungaji, hakuna jembe. Miaka imepita, nyasi zimefunika matuta, maji yamerudi bondeni.

Ukoo ukasema kachanganyikiwa. Mimi nikambatiza Waziri wa Magugu.

Likizo hii Afande, ambaye ndiye mrithi, akaamua kuuza. Tukaenda na tajiri wa matofali anayetaka kuchimba udongo wa bondeni. Ng'ombe? Buchani.

Ssenga akapiga magoti, akasalimia vizuri. Akasimama, akakataa vizuri.

"Kaka, hao ng'ombe watakwenda wapi?"

"Wewe uliwafuga, wewe utajua."

"Siwafugi. Tunakaa tu pamoja."

Bonde halikuonekana kwa pembe. Afande akanipa filimbi yake: "Wewe mdomo mrefu, ondoa hao!"

Nikasimama kama trafiki wa Jinja Road, mkono juu. Priiii! Fahali akanitazama, akanya, akaendelea kula.

Nikapuliza tena, kwa hasira.

Wakuu, nyasi zikainuka.

Siyo nyasi. Korongo! Yule mwenye taji, wa kwenye bendera yetu. Kundi zima. Wakazunguka juu yetu wakilia, kisha wakashuka palepale, katikati ya miguu ya ng'ombe. Kwato zikikanyaga, panzi wanaruka, wao wanadaka. Wawili wakaanza kuinamiana na kurukaruka, mabawa wazi, kama wako harusini.

Mdomo wangu ukaisha chaji.

Sasa sikieni. Kwa Baganda kila ukoo una kiumbe chake cha mwiko. Humli, humdhuru. Sisi wetu ni korongo. Afande humpigia saluti kila asubuhi kwenye bendera. Hajawahi kumwona akipumua.

Akavua kofia.

Tajiri akacheka. "Afande, hao ndege watahama tu tukianza kuchimba."

"Tajiri, hao ni ndugu zangu. Unataka niwafukuze kwao?"

Kisha akamgeukia dada yake, sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia: "Nani aliwaleta?"

"Hakuna. Walifuata ng'ombe."

Tajiri aliondoka na boda. Sisi tulibaki tumekaa kwenye nyasi hadi jua likapoa, Afande kofia mapajani, kama mtoto wa nursery.

Njiani akanyoosha mkono. "Lete filimbi. Ukiwapigia tena ndugu zako, utalala selo."

Nilichojifunza: kuna kazi ardhi inaijua, ukiipisha tu. Na Waziri wa Magugu nimempandisha cheo.

Haya, tajeni ukoo wenu. Mwiko wenu mmewahi kuuona ukiwa hai, au kwenye picha tu? Ukoo wa uyoga, ninyi tulieni, tunajua mmeuona.