Niliwapikia chai wanunuzi wa nyumba yangu nikidhani ni wakwe

Wekeni hii bila jina langu, na wale wa kuuliza "ni nani huyu" wakae na udaku wao. Mimi ni mama wa miaka sabini na mbili, mjane, naishi nje kidogo ya mji wa Bomet, upande wa kwenda Silibwet. Sikusoma sana. Lakini nyumba yangu ni ya mawe, ina maji ndani, na niliijenga na bonasi ya majani chai wakati wanaume wengi hapa walikuwa wanakunywa yao. Naandika na kidole kimoja. Mkiona makosa, nyamazeni.

Kwetu nyumba ya mama huachiwa kijana wa mwisho. Siku tulipomzika baba yao nilisema mbele ya wazee kwamba hii ni ya huyu mdogo. Sasa ana nywele nyeupe na hajaoa. Wenzangu kanisani waliacha kuniuliza habari zake, na kuacha kuuliza ni kubaya kuliko kuuliza.

Mwaka huu akaniambia, "Mama, kuna wageni watakuja kuona boma. Uwapokee vizuri."

"Wageni wa nini?"

"Wa heri, Mama."

Haya, mama gani Mkipsigis angeelewa kitu kingine? Kabla ya koito, kabla watu hawajakaa chini kuongea mahari, jamaa wa msichana hutuma macho. Wanapita kama hawana haja, wanaangalia kama binti yao atachota maji mbali, kama mama mkwe ni mchafu. Nikapaka kuta rangi. Nikatayarisha mursik, yale maziwa yetu ya mgando, kwenye kibuyu kizuri.

Walikuja wa kwanza, wakaja wengine. Niliwazungusha kila chumba. Nilifungua mfereji waone maji yanavyotoka kwa nguvu. Niliwaambia hapa hakuna kesi ya mpaka, majirani ni watu wa kusali, hati iko ndani ya sanduku na ni ya jina langu. Mmoja alipima sebule kwa hatua, nikafikiri anaangalia kama watu wao watatosha siku ya koito. Nikamwambia hata tukiondoa viti watatosha. Akacheka, nami nikacheka. Mjinga mimi.

Halafu wakaja kijana na dada mmoja nesi, Kiswahili chake cha watu wa ziwa. Nikajua huyu ndiye msichana mwenyewe na yule ni kaka yake. Sikujali kabila. Kwa umri wa mwanangu, mtu hachagui. Na alikuwa na adabu, alinisaidia kutoa vikombe. Alikuja mara ya pili, akasimama dirishani akashika pazia. Akasema, "Mama, hizi utaenda nazo ama utatuachia?"

Nikamwuliza, "Niende nazo wapi?"

Yule kijana akakohoa. Dada akamwangalia, akaniangalia. Akasema pole pole, "Mume wangu, si ulisema mama anajua?"

Mume. Kumbe si kaka. Sikupiga kelele. Niliwamalizia chai, nikawasindikiza hadi kwa geti, nikarudi kuosha vikombe. Tangu siku hiyo niko hivyo tu. Nakula, nalala, nakamua ng'ombe. Machozi hayaji.

Mwanangu aliporudi nilimwuliza, "Na msichana?"

"Msichana gani?"

Hapo ndipo niliona hata hakuwa na mpango wa kunidanganya vizuri. Mimi ndiye nilijidanganya, yeye akaniacha. Akaanza kunieleza soko. Ati tangu mji ukue, watu wa kaunti na walimu na manesi wanatafuta nyumba ya kununua na hakuna. Wenye ploti wanajenga vyumba vya kupangisha tu. Nyumba imara karibu na lami, yenye hati, ikitajwa asubuhi jioni imeenda. Akasema kila aliyetoka kwangu alipandisha bei. "Mama, hakuna broka kama wewe." Alikuwa anatabasamu.

Nikamwambia, "Nilikupa ukae."

"Ulinipa. Hukusema nisiuze."

"Na mimi?"

"Nimekununulia shamba Ndanai. Msingi umeshatoka chini. Huko hewa ni safi."

"Hapa hewa imeisha?"

Amelipia Ndanai kwa malipo ya kwanza ya yule nesi na mumewe. Nikikataa hana cha kuwarudishia, na yule nesi ana mimba, wamekaa chumba kimoja na choo cha watu wengi. Huyo dada amenipigia simu akilia, akasema, "Mama, kama hutaki sitakulaumu." Afadhali angenitukana.

Watoto wangu wakubwa wanasema nikatae, lakini hakuna aliyesema njoo ukae kwangu. Wazee wanasema nilitamka mbele yao na neno halirudishwi. Nikiwauliza kama wanakumbuka nilisema auze, wanaanza kuongea habari za mvua.

Jumanne tunaenda mbele ya bodi ya ardhi. Mwenyekiti ataniuliza, "Mama, umekubali kuuza bila kulazimishwa?" Nikisema ndiyo, nitaanza upya kwa watu nisiowajua na umri huu. Nikisema hapana, mtoto wangu wa mwisho atakuwa mwizi mbele ya watu, na mimi ndiye nitakuwa nimemtaja.

Msiniambie niombe, nimeomba. Msiniambie ati vijana wa siku hizi, huyu nilimlea mwenyewe. Nyinyi mnaojua kujibu haraka kila kitu hapa, jibuni hili: nikisimama pale Jumanne, nifungue mdomo niseme nini?