Mhogo wa Nurdine huko Luxemburgo

Wifi yangu Wahida, mjane wa kaka yangu, ndiye muuza matapa wa soko la Palma, huku kaskazini mwa Msumbiji. Majani ya mhogo, karanga, nazi, na kaa akipatikana. Asiyemjua kwa jina anamjua kwa harufu ya chungu chake. Tulipokimbia vita alibeba kinu chake mpaka mji wa Pemba, mimi nikaokoa viatu tu. Tuliporudi, kinu kilirudi naye. Ana maringo, sikatai. Anastahili.

Ringo lake kubwa ni mwanawe. Nurdine alipitia Lisboa akaishia Luxemburgo, nchi ndogo ya Ulaya iliyojaa Wareno, na anapika kwenye mkahawa huko. Siku moja wakiongea kwa video, Wahida akaona nyuma ya kijana mmea ndani ya kopo, majani yamechanua vidole. Akapiga kigelegele. Mwanangu anapanda mhogo Ulaya! Akamwonya asichume majani yote ya juu, mmea utadumaa. Nurdine akacheka, akasema, "Ndiyo, mamã." Tangu hapo hakuna mteja aliyepata sahani kabla ya kuoneshwa picha ya mmea ule, aliyoinasa simuni. Mimi nami niliitazama nikaona mhogo. Sisi tukiona jani la vidole, macho yanaliachia tumbo kazi.

Basi ikaja siku ya posa. Nurdine alikuwa anamtaka Dalila, binti wa mwalimu wa madrasa, Mzee Bacar, na Wahida alimtaka yule binti kuliko hata Nurdine. Kaka zake Wahida, ambao ndio wangepeleka posa, vita vimewatawanya, kwa hiyo akaenda mwenyewe, mimi nyuma na sinia ya vitumbua iliyofunikwa kanga. Mazungumzo yalikwenda vizuri hadi Wahida alipotoa simu ili waone jinsi kijana wake alivyotulia.

Simu ikazunguka, ikamfikia Hamido, mdogo wake Bacar, mkulima wa Pundanhar. Akaisogeza karibu na macho.

"Dada, jani la mhogo halina meno," akasema. "Hili lina meno pembeni lote. Hii suruma, bangi hii."

Nilitamani ardhi inimeze. Wahida hakubabaika. Alimpigia mwanawe palepale, sauti wazi, kila mtu asikie.

"Nurdine, niko kwa Mzee Bacar. Ule mmea ni nini?"

Kijana akajikaza. "Ni suruma, mamã. Lakini huku sheria inaruhusu. Mtu mzima anapanda nyumbani kwake, miche minne kwa nyumba nzima, na isionekane toka barabarani. Kuuza marufuku. Ukivutia njiani, unapigwa faini. Hii ni ya Henrique, ninayekaa naye. Mimi sivuti."

"Serikali gani hiyo inahesabu suruma kama mbuzi?" Mzee Bacar akauliza.

"Ya huku, mzee. Wanasema bora waijue kuliko ifichwe."

"Na mimi mbona ulinificha?" Wahida akauliza.

"Ulifurahi sana, mamã. Nilishindwa kukwambia."

Wahida akakata simu. Mzee Bacar akamgeukia. "Mama Nurdine, wewe ndiye uliyemzaa. Niapie kwamba havuti, tumalize."

Nikamfinya pajani. Apa, mwanamke! Neno moja tu na Dalila ni wetu.

"Mzee Bacar," akasema, "asubuhi hii ningekuapia kwamba ule ni mhogo. Sheria ya kwao nimeisikia, wala sioni alipoivunja. Lakini mwanangu alinyamaza, nikatangaza uongo soko zima. Moyo wangu unaniambia havuti. Kuapa, siapi."

Akainuka, akaaga kwa heshima, akaacha sinia pale sakafuni.

Njiani nilimsema vibaya mno. Nilimwambia amemtosa mwanawe mwenyewe. Alilia tu, na mimi nikazidi kukasirika kwa sababu nilijua alichofanya ni haki. Kesho yake sokoni aliwaambia wateja kabla hawajauliza: "Haukuwa mhogo, jamani, ni suruma. Nilijidanganya, na mwanangu akaniacha nijidanganye." Walicheka mpaka wakapaliwa. Yeye aliendelea kupakua.

Kwetu sinia ya posa ikirudi tupu, umekataliwa. Ikirudi na kitu, tafuta washenga. Kila aliyepita na mzigo kichwani tulimkodolea macho.

Ijumaa akatokea Cadija, mama yake Dalila, na sinia yetu kichwani, kanga yetu juu yake. Soko zima likasogea, maana habari walikuwa nayo wote. Akaitua mbele ya chungu, akafunua. Majani ya mhogo, mabichi, yamejaa mpaka ukingoni.

"Mume wangu anasema mama aliyekataa kumwapia mwanawe hatamdanganya mke wa mwanawe," akasema Cadija. "Leteni washenga. Na haya mpigie picha kijana wako, ayaone vizuri. Haya hayana meno."

Nilimtazama wifi yangu nikajiona mrefu kwa sababu tu ni wa kwetu. Alichukua jani moja, akapitisha kidole pembeni yake taratibu, mbele ya soko zima, mpaka akamaliza vidole vyote vya jani. Hapo ndipo akapiga kigelegele.